Wiki Tatu za Kuificha Mimba Yangu

Jumapili, alasiri. Somanda, Bariadi.

Leo jua limetulia. Mvua zimeaga wiki iliyopita, na upepo unaotoka mashambani umekausha nguo za mwanzo kabla sijamaliza kuanika za mwisho. Nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, miguu nimeinyoosha juani. Nimetapika mara mbili tangu asubuhi, na nina furaha kama mtoto aliyevalishwa nguo za sikukuu.

Nina mimba ya wiki nane.

Nimeiandika. Nimeisoma tena. Bado ipo.

Mnaonisoma humu mmezoea habari zangu za shule na za vyakula ninavyounguza. Kwa wiki tatu sikuandika chochote, na wawili watatu kati yenu mliuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani, na jambo lenyewe sikutaka kulisema hata kwa mume wangu, seuze kuliandika hapa.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu ndilo linalonitia aibu. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya kidato cha nne nikachora ubaoni yai linavyotungwa, linavyosafiri, linavyojipachika kwenye ukuta wa mji wa mimba. Nikawaambia kwa sauti ya mtu anayejua kwamba dalili ya kwanza ni kukosa siku zako. Siku chache baadaye nikakutwa nimelala mezani katika ofisi ya walimu, shavu langu juu ya daftari la mwanafunzi, na mate yamelowesha jibu la swali la nne.

Jirani yangu wa meza, Madam Rehema, ndiye aliyeniamsha.

"Hilda, hebu kapime malaria. Macho yako yameingia ndani."

Nikaenda kupima kwenye zahanati karibu na shule. Hakuna malaria. Dada wa maabara akaandika majibu, kisha akaniuliza, bila hata kuniangalia, siku zangu niliziona lini mara ya mwisho. Nikahesabu kwa vidole palepale kwenye benchi. Nikahesabu tena. Yule dada akawa sasa ananiangalia, anatabasamu.

Kipimo cha mkojo nilikwenda kukinunua duka la dawa la mbali, upande wa stendi. La hapa kwetu ni la mama ninayeimba naye kwaya, na uso wake haujui kutunza siri. Nikapima kesho yake alfajiri, Masanja akiwa ameshaondoka. Mume wangu ni afisa ugani, anahudumia wakulima wa pamba huko Sapiwi, na wakati huu pamba inapofunguka huondoka jogoo wakiwa bado wanawika.

Mistari miwili.

Sikupiga kelele. Nilinawa mikono, nikakiviringisha kile kijiti kwenye karatasi, nikakificha ndani ya kiatu changu cha harusi, nikaenda kazini.

Wasionijua watashangaa. Niwaambie basi.

Mwaka jana tulitangaza siku ileile. Masanja alimpigia mama yake aliyeko Mwamapalala wakati mimi bado nimeshika kipimo mkononi. Mama akawaambia dada zake, dada zake wakaambia ukoo mzima, na Jumapili iliyofuata nilipigiwa simu kutoka kwetu Muheza, Tanga, na shangazi aliyekuwa na orodha ya majina. Wiki ya tisa mimba ikatoka. Siku yenyewe sitaiandika. Nitaandika tu kwamba kila mtu tuliyempa habari ya kwanza ilibidi apewe na ya pili, na ile ya pili nilikuwa naitoa mimi, mmoja baada ya mwingine, wengine sokoni, wengine mlangoni mwa kanisa.

Mama mkwe alikuja kunipa pole. Alikaa kwenye kochi letu, akanipikia uji, akanikanda mgongo. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Haya mapikipiki, ng'wana wane. Ulipanda sana mapikipiki."

Ng'wana wane ni mwanangu, kwa Kisukuma chao. Alisema kwa upendo. Daktari alikuwa ameshanieleza kwamba sikufanya kosa lolote, kwamba mara nyingi mimba changa hutoka kwa sababu ya hitilafu iliyokuwepo tangu siku ya kwanza ya kutungwa, na hakuna anayeisababisha. Najua hivyo. Nafundisha hivyo. Lakini lile neno liliingia, likakaa.

Kwa hiyo safari hii niliapa: hakuna atakayejua mpaka wiki ya kumi na mbili. Hata Masanja. Niliogopa macho yake zaidi ya nilivyoogopa kitu kingine. Mwaka jana nilimwona akikunja lile shuka dogo la kitoto alilokuwa amelinunua, analikunja polepole, kona kwa kona, na sikutaka kuona tena.

Nikaanza maisha ya mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Vidonge vya foliki wanavyopewa wajawazito nilivificha kwenye kopo la unga wa uji. Jioni, Masanja akiangalia taarifa ya habari, mimi nilijifanya nasahihisha madaftari kumbe nasoma kitabu changu cha chuoni, ile sura ambayo zamani niliisoma ili nifaulu mtihani. Wiki ya tano, mtoto ni punje ya ufuta, na humo ndani ya ufuta kimrija kidogo kinaanza kudunda, ndio moyo. Wiki ya sita amekuwa choroko. Ya saba, dengu. Kitabu hakisemi hivyo, kina vipimo vyake vya milimita, lakini mtu anayeishi mkoa huu wa Simiyu akifikiria vitu vidogo anafikiria nafaka. Nikipita sokoni nilikuwa nasimama kwenye magunia ya choroko, nachukua moja naiweka kiganjani naiangalia. Muuzaji alidhani natafuta wadudu.

Na mwili wangu ukawa wa mtu mwingine. Matiti yakauma hata kwa kuguswa na kanga. Mdomoni nikawa na ladha ya msumari. Kipindi cha dakika themanini natoka kwenda chooni mara mbili, wanafunzi wanaangaliana. Harufu ya dagaa, ambao nawapenda tangu nifike huku, ikawa inanifukuza jikoni. Chai ya tangawizi sikuitaka. Halafu nikaanza kupenda kitu ambacho miaka mitatu nilikuwa nakisukuma pembeni ya sahani kwa heshima: matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikawa vigumu kama ngozi. Natembea navyo kwenye mkoba. Natafuna hadi kwenye kikao cha walimu.

Kibaya zaidi ya vyote kilikuwa harufu ya shati la kazi la Masanja. Jasho, vumbi, na dawa ya kupulizia pamba. Kwanza ilinitapisha, na pili, hiyo dawa sikuitaka karibu nami. Jioni moja nikamsimamisha mlangoni.

"Vua nje. Utatuingizia chawa wa mimea kwenye makochi."

Akanitazama. Huyu ni mtu aliyesomea wadudu wa pamba, anawajua kwa majina yao ya Kilatini, na anajua vizuri kwamba hakuna hata mmoja anayekula makochi. Akasema, "Sawa." Akavua shati na suruali palepale uani, akabaki na bukta, jirani akachungulia juu ya ukuta na kumsalimia. Tangu siku hiyo akawa anaoga kabisa kule anakofanyia kazi na kurudi na nguo safi. Nikajipongeza kwa akili zangu.

Hivyo ndivyo nilivyofika wiki ya saba, na hivyo ndivyo ilivyonikuta Jumanne ya wiki hii.

Ilikuwa mapumziko ya saa nne. Niliingia chooni nikaona damu. Doa dogo tu, kama la wino mwekundu. Nililiangalia muda mrefu. Nakumbuka nilifikiria jambo la kijinga, kwamba nina kipindi na kidato cha tatu na sijaacha kazi ya kufanya.

Nilimwomba ruhusa mkuu wa shule, nikasema tumbo. Nikatoka hadi barabarani. Bodaboda ya kwanza ikasimama, nikaiashiria iende. Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu dereva akaniuliza, "Mwalimu, vipi, huendi?" Nilikuwa nimesimama pale natoka jasho, nasikia sauti ya mama mkwe kwenye kochi. Mwishowe ikapita bajaji nikaingia, nikamwomba dereva aende taratibu kama anabeba mayai.

Hospitali, muuguzi aliyenipokea alikuwa mama wa makamo mwenye sauti nzito na mikono ya joto. Akaniuliza damu ni nyingi au kidogo, ina mabonge, tumbo linauma, nahisi kizunguzungu? Kidogo. Hapana. Hapana. Hapana.

"Umefanya vizuri kuja," akasema. "Wengine hukaa nyumbani wanalia peke yao. Kunywa maji haya yote, usikojoe, tukupige picha tuone."

Nikakaa kwenye benchi na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Nikagundua kwamba kiapo changu kilikuwa kizuri kwa siku za furaha tu. Siku kama hii sikuweza kuibeba peke yangu. Nikampigia Masanja.

"Niko hospitali," nikasema.

Akauliza, "Damu inatoka nyingi?"

Nikaitoa simu sikioni nikaiangalia, kana kwamba yeye ndiye aliyeko ndani ya kioo. "Ulijua?"

"Tutaongea. Nakuja. Usiinuke hapo ulipo."

Alifika kabla sijamaliza maji, kofia ya pikipiki bado kichwani, viatu vimejaa udongo mweusi wa Sapiwi. Akakaa karibu nami akashika mkono wangu. Hakuivua ile kofia. Wagonjwa wenzangu wakawa wanatuangalia.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu chawa wa mimea."

Nilicheka. Mbele ya watu, nimejaa hofu hadi kooni, kibofu kinakaribia kupasuka, nilicheka mpaka ikabidi nijibane.

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?" Kisha akatazama chini. "Mwaka jana mimi ndiye niliyekimbilia simu. Nilitangaza, halafu wewe ndiye uliyebaki unawajibu watu. Nikajisemea safari hii nitasubiri mpaka uniambie mwenyewe. Hata kama ingekuwa siku ya kujifungua."

Kumbe wiki tatu zote tumelala kitanda kimoja, kila mtu amekumbatia siri ileile.

Wakatuita. Daktari alikuwa kijana, mpole, lakini mkimya. Akanipaka ile dawa ya baridi tumboni, akapitisha kifaa, akaangalia kioo chake. Akasogeza. Akaangalia tena. Ule ukimya wake, Mungu anisamehe, nilitaka kumpiga ngumi. Nilihesabu matundu ya dari nikafika kumi na saba.

Ndipo akageuza kioo upande wetu.

Giza la kijivu, katikati doa jeusi kama kisima, na ndani ya kisima kitu kidogo. Dengu yangu. Na katikati ya dengu, kitu kinapepesa, kinapepesa, haraka haraka, kama taa ya pikipiki inayotaka kukata kona.

"Ule ndio moyo," daktari akasema.

Nimeuchora moyo ubaoni miaka sita. Nimeupaka chaki nyekundu na ya buluu. Sikuwa najua kitu.

Masanja akainama aone vizuri, kofia yake ikagonga kioo, tukashtuka wote watatu. "Samahani, daktari. Ni kawaida kwenda mbio hivyo?"

"Ni kawaida kabisa. Tungeogopa kama ungekuwa unakwenda polepole."

Alitueleza kwamba matone ya damu siku za mwanzo huwapata wanawake wengi, na wengi wao mimba huendelea salama, ila si jambo la kupuuza, nilifanya sawa kuja. Nipumzike siku chache. Damu ikiongezeka au tumbo likikaza, nirudi saa hiyohiyo. Nianze kliniki mapema. Hakuniahidi kitu, na nilimpenda kwa sababu hiyo. Alisema tu, "Leo mtoto wenu yuko vizuri."

Leo. Nikalichukua hilo neno nikaondoka nalo. Kwanza lakini nilikimbilia chooni.

Jumatano lile doa likawa la kahawia, Alhamisi halikuwepo. Alhamisi hiyohiyo mama mkwe akapiga simu, akamwambia Masanja amlete mkwe wake Jumamosi, na asimlete kwa pikipiki. Masanja aliniapia kwa kila alichonacho kwamba hakumwambia mama yake hata neno moja. Aliazima gari la mwenzake wa kazini.

Niwe mkweli, njia nzima hadi Mwamapalala niliogopa kile mama mkwe atakachosema.

Tulimkuta uani anachambua choroko kwenye ungo. Nikamsogelea. "Mwangaluka, mayu," nikasema, yaani umeamkaje mama, na nikaanza kupiga magoti kama mkwe anavyotakiwa. Akanidaka kiwiko kabla goti halijagusa chini.

"Leo hupigi magoti. Kaa hapa."

Akanisogezea kiti chenye mto. Kwenye kigoda pembeni kulikuwa na sahani ya matobolwa, imefunikwa kitambaa.

"Mayu, nani amekuambia?"

"Ulipokuja wiki ile nyingine kunisalimia ulimaliza sahani nzima. Wewe mtu wa Tanga!" Akacheka hadi meno ya nyuma yakaonekana. Kisha akamgeukia mwanawe. "Masanja, kamwangalie ndama, hanyonyi vizuri."

Ndama alikuwa anaonekana kutoka pale tulipokaa, ananyonya kwa nguvu zote. Masanja akamtazama ndama, akamtazama mama yake, akaenda.

Mama mkwe akaendelea kuchambua. Aliongea bila kuinua macho kwenye ungo.

"Kabla ya huyu walitangulia wawili. Mmoja miezi mitatu, mwingine minne. Mama wa mume wangu aliniambia ni kuni. Kwamba nabeba kuni nyingi. Nikaacha kubeba kuni, nikawa naonekana mvivu kijiji kizima, na wa pili naye akaenda." Akatoa jiwe kwenye choroko, akalitupa. "Na mimi mwaka jana nikaja nyumbani kwako, nikakuambia pikipiki."

Nikaokota punje moja ya choroko, nikaishika kiganjani.

"Niliporudi huku sikulala. Nilijisikia nimekuwa yule mama." Sasa akaniangalia. "Haikuwa pikipiki, ng'wana wane."

Nililia vizuri sana. Sijawahi kulia vile mwaka mzima. Alinifuta kwa ncha ya kanga yake, akanipa matobolwa kana kwamba ndiyo dawa, na mimi nikawa natafuna huku nalia, makamasi na viazi pamoja.

Masanja hakuwahi kujua kwamba ana waliomtangulia. Mama alimwambia mwenyewe wakati wa chakula, kwa maneno machache, kama mtu anayetaja jina la ng'ombe wa zamani. Masanja aliacha kula. Halafu akainuka, akazunguka meza, akaenda kukaa upande wa mama yake, na wakala sahani moja.

Kabla hatujaondoka nilimwomba mama mkwe ruhusa niyaandike haya hapa. Akauliza hao watu wa kwenye simu wanamfahamu? Nikasema hapana, wala jina lake sitalitaja. Akafikiri.

"Andika," akasema. "Labda kuna mwingine ameambiwa kuni."

Basi nimeandika.

Hofu haijaisha. Jumapili ijayo ni ile wiki ya tisa, na najua nitakuwa naingia chooni na kuangalia, kuangalia, kuangalia. Lakini leo, kwa nafaka zangu, amekuwa harage, na kitabu kinasema vidole vimeanza kuchomoza, bado vimeshikana kidogo kama vya bata, na kile kimkia cha mwanzo kinapotea. Mtoto wangu anapoteza mkia siku hizi! Nani ameketi mahali anangoja wiki ya kumi na mbili ndipo afurahie habari kama hiyo?

Nimeamua sitangoja. Nikijaliwa kufika mwisho, nitakuwa nimefurahi tangu mwanzo. Na likitokea lolote, hakuna atakayeweza kusema huyu mtoto hakupendwa akiwa harage.

Kesho nitaamka, nitatapika, nitaingia darasani. Sijawahi kuingoja Jumatatu kwa hamu namna hii.